Dakika Tano za Kumsalimu Mama

Jumanne, tarehe kumi na nne, mwezi wa tano. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, si ya kishindo, ni ile ya kunyunyiza tu isiyojua kuaga, na mpaka naandika hivi, saa nne kasorobo za asubuhi, bado inanyesha. Nilipotoka nyumbani Mji wa Kale kuja kazini, maji yalikuwa yakiteremka kwenye kichochoro chetu kana kwamba kuna mtu huko juu amesahau kufunga mfereji. Nimefika na viatu mkononi.

Naandikia kwenye chumba cha chai cha idara ya lugha, chuo kikuu, hapa hapa kisiwani. Kazi yangu ni chai na usafi. Daftari naliweka nyuma ya mkebe wa sukari, na nikisikia hatua za mwalimu nalifunika kwa kitambaa. Si kwamba naandika siri. Naona haya tu. Miye nilifika darasa la nane, na kuandika mbele ya watu wanaosomesha kuandika ni sawa na kupika biriani mbele ya mpishi wa harusi.

Leo saa tisa alasiri itabandikwa karatasi kwenye ubao wa matangazo, na ndani yake mna jibu la msichana mmoja. Akiwa amepita, wiki ijayo ataingia wodini pamoja na wenzake kujifunza uuguzi mbele ya wagonjwa. Akiwa ameanguka, atangoja mwaka mzima, na kwao bara hawawezi kumweka mjini mwaka mzima bila kusoma. Ameshaniambia atapanda basi Mwembe Tayari arudi nyumbani, na alivyosema, sidhani kama akirudi atatoka tena.

Na aliyemwangusha mara ya kwanza ni miye. Wacha nieleze tangu mwanzo, nisije nikajipendelea.

Chuo kina Sera ya Lugha. Ilikuja mwaka jana, imepigwa chapa vizuri, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, nikaambiwa niibandike mlangoni mwa chumba cha chai. Kwa hivyo nadhani nimeisoma mara nyingi kuliko walimu wengi, maana maji yakichelewa kuchemka sina kingine cha kusoma. Inasema kusomesha ni kwa Kiingereza, kuhudumia watu ni kwa Kiswahili, na mikutano iwe kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Halafu kuna kifungu kinachosema kwamba mwanafunzi atakayekwenda kuhudumia watu, kama hawa wa uuguzi, kwanza aoneshe kwamba anaweza kuzungumza na mtu wa mtaani kwa Kiswahili, si darasani bali nyumbani kwa mtu huyo, na mmoja wa wanaompima awe mtu wa mtaa. Kifungu hicho nilikipenda siku ya kwanza, na ingawa kimeniletea haya yote, bado nakipenda.

Mwalimu anayesimamia mitihani hiyo ni mwanamke wa makamo, wa Pwani pia, hodari, hakai chini. Siku moja alikuja kuchukua chai akaniuliza, "Dada, kwenu kuna mzee anayependa wageni?"

"Mwalimu," nikamwambia, "yupo anayependa wageni kuliko anavyotupenda sisi wa nyumbani."

Ndivyo mama yangu alivyoingia kwenye sera ya chuo kikuu. Mama ana presha na maumivu ya miguu, macho bado mazuri, masikio mazuri zaidi. Na miye nikaambiwa niwe huyo mtu wa mtaa wa kupima. Nilikataa. Nikasema kisomo changu hakitoshi. Mwalimu akasema, "Hatukutaki kwa kisomo. Tunakutaka kwa masikio." Nikakubali, na sitadanganya, nilifurahi siku nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanafunzi anabisha hodi, miye nawasha simu ya idara inarekodi, na tangu hapo ana dakika tano. Katika dakika hizo amuulize mama mambo sita, kama muuguzi anavyomuuliza mgonjwa: maumivu, usingizi, dawa, chakula, magonjwa aliyowahi kuugua, na vitu vinavyomdhuru akivila au akivigusa. Miye nina karatasi yenye maswali sita. Je, mwanafunzi aliuliza kuhusu maumivu? Ndiyo, la. Je, aliuliza kuhusu usingizi? Ndiyo, la. Naweka alama, natia sahihi. Rekodi husikilizwa tu pakiwa na malalamiko, maana wanafunzi ni wengi na mwalimu ni mmoja.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Yule msichana alikuwa na mazoea ya kuja chumba cha chai kila siku saa nne. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Nataka chai." Nikamwambia, "Na miye nataka salamu." Akacheka mpaka akaziba uso. Tangu hapo akawa anakuja mapema kidogo, tunasalimiana kwanza, tunazungumza, ndipo anakunywa. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kizuri, ila kimekaza kama kiatu kipya. Aliniita mama. Nilimzoea. Siku aliposema amepangiwa nyumba yetu kwa mtihani, nikamwambia kwa nia njema kabisa: "Ukifika kwa mama usimkate maneno. Mjibu kila atakalokuuliza. Ukimkata, atajifunga, hutapata kitu."

Yule kijana aliyepangwa kabla yake sikumwambia neno. Sikumjua. Lakini kutomjua si udhuru. Miye mpimaji nimemfundisha mmoja na wa pili nikamwacha, na hilo nalihesabu kosa langu la kwanza, hata kama aliyeumia ni yule niliyempendelea.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, mwezi wa nne, mvua hazijaanza. Kijana alikuja kwanza. Mrefu, nadhifu, amekulia Nairobi. Kusema haki, Kiswahili chake kilikuwa sahihi na sauti yake wazi. Hakukwama hata mara moja.

"Subalkheri, bibi. Nina maswali sita ya kukuuliza."

"Subalkheri, mwanangu. Karibu, ndoo ukae hapa penye upepo. Umetoka wapi na jua lote hili?"

"Chuoni, bibi. Swali la kwanza. Una maumivu yoyote mwilini?"

"Alhamdulillahi, sina."

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Dawa ulizoandikiwa unazitumia?"

Mama akanitazama mara moja, upesi. "Nazitumia."

"Vizuri sana," kijana akasema, na akaendelea mpaka mwisho. Dakika tatu na kitu. Akashukuru kwa adabu akatoka. Nikaweka ndiyo sita.

"Huyu mumemtoa wapi?" mama akauliza hata kabla mlango haujafungwa. "Kaniuliza kama karani wa vitambulisho. Kidogo anipake wino kidoleni."

Kisha akaja msichana. Alivua viatu nje, akabisha hodi mara tatu, akangoja kila mara.

"Hodi nani?"

"Mgeni, bibi."

"Mgeni karibu, ndoo ndani. Keti. Si hapo, hapo pana jua."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa hali gani?"

"Salama, bibi."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo. Nilizungumza naye jana."

"Na babako?"

"Baba alifariki, bibi."

"Ewe! Pole, mwanangu. Lini?"

Basi hapo pakapita dakika nzima, na miye nisingependa ipite upesi zaidi. Mama alitaka kujua marehemu aliugua nini, nani aliyebaki na mama mtu, wadogo ni wangapi, wanasoma? Msichana akajibu yote, pole pole, akitafuta maneno. Mama akauliza analala wapi hapa mjini. Tononoka, wamekodi chumba watu watatu. Nani anapika? Kwa zamu. Miye nimeshika simu, naangalia saa inakwenda, dakika ya tatu imepita, ya nne imeingia, na hajauliza hata swali moja. Nilitamani kukohoa. Sikukohoa. Nilijiambia mpimaji hakohoi.

Ndipo msichana akasema, "Na wewe, bibi, umeamkaje leo?"

"Nimeamka, alhamdulillahi."

"Tumshukuru Mungu. Na usiku, bibi?"

Mama akajitengeneza leso mabegani. "Usiku? Usiku silali, mwanangu. Miguu yaniwaka moto kama nimekanyaga majivu. Na hizo tembe za presha zanitoa kitandani mara nne kwenda msalani, kitwa chazunguka, naogopa kuanguka. Nimeziwata, sizimezi tena. Nazitia chini ya mkeka, huyu asizione."

Huyu ni miye. Kila baada ya magharibi namwekea tembe zake kwenye kisahani, na kila asubuhi kisahani nakikuta kitupu, naosha, namshukuru Mungu.

"Pole sana, bibi," msichana akasema, na simu ikalia. Dakika tano.

Alipoondoka niliinua mkeka. Zilikuwepo, zingine zimeshalainika kwa unyevu. Mama akatazama dirishani kana kwamba mkeka si wake.

Halafu nikakaa na karatasi yangu. Je, mwanafunzi aliuliza kuhusu maumivu? Hakuuliza, aliambiwa. Je, aliuliza kuhusu dawa? Hakuuliza. Nilisoma kila swali mara mbili. Karatasi haikusema "je, aliambiwa," ilisema "je, aliuliza," na miye niliapa mbele ya mwalimu kwamba nitajibu kilichoandikwa, si ninachopenda. Nikaweka la. Nikaweka la sita. Nilitia sahihi, nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa mwadilifu. Leo sijui kama ule ulikuwa uadilifu au ni woga wa mtu asiyesoma mbele ya karatasi.

Matokeo yalipotoka, kijana alikuwa juu kabisa na msichana ameanguka. Alikuja chumba cha chai saa nne kama kawaida. Tukasalimiana mpaka mwisho, habari za nyumbani, za Tononoka, za wenzake, ndipo akaniambia. Hakulia. Nikamwambia alalamike, rekodi isikilizwe.

"Nilalamike nini, mama? Sikuuliza. Ni kweli sikuuliza."

"Lakini miye ndiye niliyekwambia usimkate."

"Uliniambia vizuri. Ningejua kuuliza bila kukata, ningeuliza."

Akanywa chai yake yote, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo simruhusu mtu.

Jioni ile nilimkabili mama.

"Yule kijana alikuuliza dawa, ukasema wazitumia. Kwa nini?"

"Kaniuliza mbele yako."

"Na msichana? Sikuwapo?"

"Ulikuwapo. Nilikusahau." Akacheka, meno yake mawili ya mbele yakaonekana. "Weye nawe, ukikaa kimya hivyo na hiyo simu, nani atakukumbuka? Nilikuwa nazungumza na mtoto wa watu, kafiwa na babake."

"Mama, rekodi hiyo ikisikilizwa na walimu, utaona vibaya?"

"Kwani nimemtukana mtu?"

"Umesema mambo ya msalani."

"Hao walimu wenyewe hawaendi?"

Nikaihesabu hiyo kuwa ruhusa.

Kikao cha idara huwa Jumatatu, na miye huingia na chai mara mbili. Mara ya kwanza niliweka vikombe nikatoka, nimeshindwa kusema. Wanazungumza Kiingereza siku zote. Nasikia nusu, nusu nyingine naibahatisha kwa nyuso zao. Mara ya pili nikaingia na birika, nikasimama. Mwenyekiti ni mzee mwenye masihara, akanitazama.

"Mama chai ana hoja leo?"

"Samahani, mzee. Naomba kusema, kama inaruhusiwa."

Watu wengine walicheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akasema, "Kifungu cha tatu cha sera yetu wenyewe. Mkutano kwa lugha yoyote kati ya mbili. Tulikipitisha kwa makofi, na tangu siku hiyo hakijatumika hata mara moja. Basi leo kitumike. Jambo hili lote, mpaka tulimalize, Kiswahili."

Sijui nilisema nini kwa mpangilio. Najua nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau birika mkononi. Nilisema kosa ni langu, nilimfundisha mmoja na mwenzake sikumfundisha. Nilisema alama nilizoweka ni za kweli na sizirudishi nyuma. Ila karatasi inauliza kama mwanafunzi aliuliza, haiulizi kama aliambiwa, na kuna aliyeuliza akaambiwa uongo, na kuna ambaye hakuuliza akaambiwa kweli. Nilisema pia jambo ambalo halikunisaidia, lakini ilibidi: kwamba huenda msichana alibahatika kwa kuwa wa pili, mama ameshachoka kujihami. Hilo siwezi kulijua.

Yule mwalimu wa mitihani hakukasirika. Alinijibu kama mtu anavyomjibu mwenzake, na kwa hilo namheshimu.

"Dada, mimi nimekulia kwa nyanya yangu, salamu zake ni hizo hizo. Lakini mama yako anapokea mgeni. Hospitalini hakuna mgeni, kuna foleni. Muuguzi ana watu benchi nzima, mtoto mmoja anatapika, mwingine ana kifafa. Akimuuliza kila mmoja habari za baba yake, wa mwisho atafia pale kwenye benchi. Dakika tano si ukatili wangu, ndizo zilizopo."

Nikamwambia, "Ni kweli, mwalimu." Na ni kweli. Nimekaa kwenye benchi hizo na mama, nimemlaani muuguzi anayepiga soga.

Mwalimu mmoja kijana, anayefundisha mambo ya kompyuta, aliyekaribishwa kwenye kikao, alitaka kuchangia. Akafungua mdomo. "Mimi naona... yaani, kama tuseme... hii... hii data..." Akakwama. Akashika kichwa. "Jamani, naweza kusema kwa Kiingereza?" Wote wakamwambia la kwa pamoja kama watoto wa madrasa, na mwenyewe akaangua kicheko. Halafu akajaribu tena, akasema kwa maneno machache sana: "Tusikilize." Nilimwonea huruma na nikampenda. Jasho lake lilikuwa kama langu.

Wakasikiliza. Sauti ya mama yangu ilijaa chumba cha maprofesa. Kwanza na kijana. Dawa unazitumia? Nazitumia. Vizuri sana. Kisha na msichana, mamako hajambo, na babako, ewe, pole mwanangu. Walipofika kwenye miguu inayowaka moto na tembe chini ya mkeka, hakuna aliyeinua kikombe. Mwalimu wa mitihani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Huyu wa kwanza nimempa alama za juu kabisa," akasema, kama anajisemea.

"Na alistahili kwa karatasi tuliyompa," mwenyekiti akasema. "Kijana hana kosa."

Walibishana nusu saa, kwa Kiswahili, kila mmoja na lake. Mwisho wakaamua hivi. Alama za kwanza zinabaki, maana hazikuwa na udanganyifu. Msichana apewe nafasi ya pili, ndani ya wiki hizi, kwa mzee mwingine, si mama yangu, na anayeshika simu awe mwalimu mwenyewe, si miye. Dakika ni zile zile tano. Na chini ya karatasi liongezwe swali moja la mwanafunzi kujibu, kwa majaribio: mwenyeji alikwambia nini ambacho hukumuuliza?

Kuambiwa nisishike simu kuliniuma. Nilikwenda jikoni nikaosha masufuria yaliyokuwa safi. Lakini nilipofikiri, walikuwa na haki. Ningekuwa wao, ningemtoa mtu kama miye.

Wiki hiyo hiyo nilimpeleka mama kliniki. Daktari akamsikiliza, akahamisha tembe ile inayomtoa kitandani, anywe asubuhi badala ya usiku. Ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Miezi mingapi amekuwa akizitia chini ya mkeka, mama hataki kusema, na safari hii simbani.

Kijana naye alisikia habari ya tembe, sijui kwa nani. Jumamosi moja alikuja nyumbani bila simu wala karatasi, ameshika maembe kwenye mfuko.

"Bibi, nimekuja kukusalimu. Mara ile nilikuandika vibaya."

"Wewe si yule karani?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi keti, karani. Mamako hajambo?"

Alikaa mpaka maembe yakaisha. Nilikuwa nimemweka moyoni kama mtu mkavu, na si mkavu. Alifundishwa kwenda upesi, na hakuna aliyemwambia kuna pa kusimama. Nami nilikuwapo, nikanyamaza.

Msichana alirudia mtihani wake Ijumaa iliyopita, Bondeni, kwa bibi mmoja mshona kofia. Nilimuuliza kulikuwaje. Akasema, "Mama, sijui. Alinisalimu, nikamsalimu. Alipouliza habari zangu, na mimi nikauliza zake. Mengine alijibu, mengine alinyamaza. Simu ililia sijamaliza la sita." Hivyo tu. Tangu hapo hakuna anayejua, na mwalimu hasemi, wala simuulizi. Namtilia chai, naangalia uso wake, hausomeki.

Maji yamechemka. Naliacha hapa.

Saa mbili za usiku, nyumbani.

Karatasi ilibandikwa saa tisa na robo. Nilifika ubaoni nikiwa na fagio, nijifanye nafagia, nikakuta si majina, ni namba. Namba tupu, ndefu, zenye mistari ya kulala na ya kusimama. Wiki zote hizi namjua msichana, najua marehemu babake aliugua nini, najua mdogo wake wa mwisho anaogopa ng'ombe, na sijui namba yake. Nilisimama pale na fagio nasoma moja moja kana kwamba moja itaniambia "ni mimi huyu."

Alikuja mbio kutoka getini, mvua imemlowesha mpaka shingoni. Hakunisalimu, na ndiyo mara ya kwanza. Akaweka kidole juu ya karatasi, akakiteremsha, akapita, akarudi, kikasimama. Tone la maji likaanguka juu ya namba.

"Mama," akasema. "Nimepita."

Nilimshika mkono nikaiona namba yake na miye. Alama ya kupita tu, si ya kujigamba. Wengi wako juu yake. Pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu: Anasikiliza vizuri. Aongeze kasi. Nimeyafikiria maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani, nikitafuta kama yamemdhulumu mahali, na sikupata. Kule wodini benchi zitakuwa zimejaa, na kasi ataihitaji. Yale maneno mawili ya kwanza, anasikiliza vizuri, watu wengine hukaa kazini miaka mingi hawayapati. Lakini hayo ni maoni yangu, na miye simo tena kwenye kupima.

Nilimwambia twende nyumbani abadilishe nguo. Nimempa dera la dada yangu, limempwaya, mama akasema amekuwa kama pazia lenye miguu. Msichana amempigia simu mama yake huko bara, amezungumza lugha yao, sikuelewa neno hata moja, ila nilielewa mahali aliposema amepita, maana upande wa pili ilisikika kelele mpaka mama yangu akauliza nani kaungua. Jumatatu ataingia wodini. Ameniuliza kama anaweza bado kuja kunywa chai saa nne siku atakazokuwa chuoni, nikamwambia swali gani hilo.

Baada ya magharibi tumekula muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, na pilipili ya kutwanga na ndimu. Msichana amekula sahani mbili. Mama alitaka kumtilia ya tatu, akakataa kwa adabu, mama akamtilia.